Upande wa Pili wa Kisima

Athumani alizikwa Jumatano baada ya swala ya adhuhuri, na hata khitma haijasomwa, vijana wawili walikuwa wamekwisha kushikana maneno barazani juu ya santuri. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa mkekani karibu na dirisha, na sauti zao ziliingia kama wananiambia mimi. Mmoja alisema Kisima, santuri ya tatu ya bendi ya Athumani, ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizopata kutoka kisiwa hiki, na kwamba huko Ulaya imechapishwa upya, watu wanaigombania. Wa pili akasema hao wa Ulaya hawajui kitu. Bendi ya Mkizi ilikufa siku ilipoacha kupiga drams, na hiyo Kisima ni matanga yaliyotiwa kwenye santuri. Wote wawili hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni mwangu alisonya, akasema, "Maiti hajapoa kaburini, wao na miziki." Nilikaza leso kichwani nikainuka. Nilipotoka nilimkuta Feisal pembeni mwa kichochoro, ameegemea ukuta, kofia mkononi. Vile vidole vyake vya gita sasa vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Nilimpa pole kama inavyostahiki. Hakuipokea wala hakuikataa. Alinitazama tu, akaniuliza, "Dama, sasa nani atanibishia?"

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Ganjoni, mimi ambaye daktari ameniamuru nipande tuktuk. Sikuweza kukaa, na tangu siku ile sijatulia. Nakaa mezani nainuka. Nateleka chai naisahau jikoni. Binti yangu ananiuliza natafuta nini, namwambia miwani, na miwani iko usoni. Ninachokitafuta ni ule mwaka mmoja, mwaka ambao nilijifunza kusema jambo kwa kinywa changu mwenyewe. Nilijifunza kwa aibu, na si yangu peke yangu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka Rabai, nimepata kazi ya kuuza santuri katika duka la Bwana Kanti, hatua chache tu kutoka pale Mji wa Kale unapoanza kubana njia zake. Nilipanga chumba Majengo, katika nyumba yenye ukumbi mrefu na vyumba sita, mlango wangu ukielekeana na wa mama mmoja aliyekaanga mahamri tangu alfajiri, hata nguo zangu zote zikanukia iliki. Asubuhi nilikula mahamri yake na mbaazi za nazi, nikaenda kazini kwa miguu. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dari ya juu na feni iliyolia kila ilipomaliza mzunguko. Santuri zilipangwa ukutani mpaka juu, na huku nyuma palikuwa na benchi mbili zinazotazamana, katikati yake gramafoni. Bwana Kanti aliziweka ili mteja asikilize kabla ya kununua. Watu walikuja, wakasikiliza, wasinunue, na kesho wakarudi. Hakuwafukuza. "Duka bila kelele," alikuwa akisema, "ni godauni." Nami nilizipenda kelele zile. Nyumbani nilikotoka msichana hakuulizwa anaonaje. Pale kila aliyeketi aliulizwa, hata mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya meza. Tatizo ni kwamba nilipoulizwa, nilitazama kwanza nani ananitazama.

Siku zile kisiwa kizima kilikuwa na wazimu wa Mkizi. Walikuwa vijana wanne wa papa hapa, wakipiga roki kwa Kiswahili, magita ya umeme yakikwaruza, na walijiita Mkizi kwa ajili ya hasira za yule samaki. Feisal alipiga gita na kutunga nyimbo. Athumani alipiga drams, na watu walisema yeye ndiye bendi yenyewe. Alizipiga kama mtu anayevunja mlango ambao ndani yake kuna mtoto analia. Santuri zao mbili za kwanza zilikuwa za kurusha watu juu. Sikuwahi kuwaona jukwaani, kwani kumbi walizopiga hazikuwa za binti mwenye gauni moja la Jumapili, lakini santuri zile nilizijua kila mkwaruzo. Kisha, majuma machache baada ya Idi, ikaja ya tatu, Kisima. Jalada lake lilikuwa picha ya kisima cha uani, hakuna mtu. Upande wa kwanza ulikuwa Mkizi tunaowajua. Upande wa pili, drams zilikatika. Nyimbo nne nzima, gita na besi na sauti, na pale sikio lilipozoea kungoja kishindo hapakuwa na kitu. Wala hawakuifunika ile nafasi. Waliiacha wazi, wakangoja, kisha wakaendelea. Mahali fulani ilisikika ndoo ikigonga ukuta wa kisima. Bendi ilitangaza kwamba Athumani amesafiri kwenda Uarabuni kutafuta maisha, basi.

Benchi za Bwana Kanti ziligawanyika. Upande wa mlangoni aliketi Wanjala, karani wa bandarini, kijana wa bara mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, na nyuma yake wote waliojiona wamesalitiwa. "Huu si muziki," Wanjala alisema. "Hawa ni watu wamepoteza kitu, wanapapasa." Upande wa ukutani aliketi Mwalimu Saida, aliyesomesha shule moja ya Ganjoni na kuja moja kwa moja baada ya masomo, chaki ingali vidoleni. Yeye alishikilia kwamba upande wa pili wa Kisima ndio mara ya kwanza Mkizi kupiga muziki badala ya kupiga watu. "Wewe Wanjala," alimwambia siku moja, "mpaka uzabwe kofi ndipo ujue kuna mtu anakusemesha." Watu walicheka mpaka Bwana Kanti akaja kutazama. Nami nilicheka, kisha nikaona Wanjala hacheki, nikaacha. Wanjala alikuwa akija na viazi karai kwenye karatasi na kuniachia nusu, na aliposema jambo alinigeukia kama kwamba bila kichwa changu kutikisika jambo lenyewe halijakamilika. Basi nilitikisa kichwa. Wateja waliponiuliza juu ya Kisima niliwaambia wachukue zile mbili za kwanza. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyaokota kwenye benchi, na niliyapanga vizuri kuliko wenyewe. Ila upande wa pili sikuwa nimeusikiliza mpaka mwisho hata mara moja.

Alasiri moja benchi zikiwa tupu aliingia mtu mrefu, mwembamba, kikoi kimekunjwa juu ya mkono wake wa kulia kama mtu anayekwenda kuoga. Alinisalimu kwa adabu, masalkheri, akaniomba nimwekee upande wa pili wa Kisima. Niliuweka. Hakuketi. Alisikiliza akiwa amesimama, macho yametazama feni, na kila ilipofika ile nafasi tupu shingo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayekwepa tone la maji. Wimbo wa nne ulipokwisha aliniuliza, "Nawe waionaje hii?" Sikujua kwamba swali lile nitalibeba maisha yangu yote. Kwangu lilikuwa swali la mteja, na jibu nilikuwa nalo.

"Nikwambie kweli, kaka?"

"Niambie kweli."

"Ni kama nyumba iliyohamwa, wakasahau kuzima taa. Mpiga drams kawakimbia kenda Uarabuni, na wao badala ya kutafuta mwingine wamekaa kitako kulia. Ukimpenda sana aliyekuacha, lia chumbani kwako. Usitulilie kwenye santuri."

Alicheka. Alicheka kwa kweli, kichwa kikaenda nyuma, akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto. "Wallahi umesema," aliniambia. "Basi umesema, dada." Kicheko kilimshinda akainama, na kikoi kikateleza. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kidole kidogo. Katikati hapakuwa na vidole, ila ngozi mpya, nyekundu, iliyoshonwa. Aliona kwamba nimeona. Alikiokota kikoi taratibu, akakirudisha mahali pake, akaaga kama alivyoingia.

Bwana Kanti alikuwa amesimama kwenye pazia la stoo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Unajua nani yule?" aliniuliza. Nilikuwa nimekwisha kujua. Akanieleza yaliyobaki, kwa sauti ya chini: Athumani hakwenda Uarabuni. Mchana alikuwa akifanya kazi katika karakana ya seremala, na msumeno wa mashine ukamkata vidole wakati bendi imemaliza nusu ya santuri. Aliwaapisha wenzake wasimwambie mtu. Wao wakakataa kumweka mwingine mahali pake, wakamalizia bila drams. "Mimi najua kwa sababu Feisal alilia hapa hapa," alisema, akanionyesha benchi ya ukutani.

Jumapili, baada ya ibada, sikurudi Majengo. Miguu ilinichukua mpaka Mji wa Kale, nikauliza nyumba ya kina Athumani, nikaonyeshwa. Mama yake Athumani, Bi Mwanaisha, alinifungulia. Mwanamke mnene, mpole, mwenye macho ambayo hayakuwa na upole hata kidogo. Nilimwambia naitwa Dama, wa duka la santuri, nimekuja kumwomba mwanawe radhi. "Karibu, mwanangu. Ila radhi hapa zimejaa tele," alisema. "Kila ajaye huja na zake." Tulipita uani, na pale nikakiona kisima, kile kile cha kwenye jalada, ndoo yake imepinduliwa ukingoni. Juu, katika chumba chenye dirisha moja na meza ya mvule, Athumani alikuwa ameketi na daftari la mistari, akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kama mtoto wa darasa la kwanza. Bi Mwanaisha alileta chai ya maziwa na mkate wa sinia, akakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama heshima inavyotaka.

Nilianza kuomba msamaha. Alininyamazisha. "Tangu nitoke hospitali," alisema, "wewe ndiye mtu wa kwanza kunijibu pasi na kuutazama mkono huu. Ukinitaka radhi utaniharibia." Nilimwambia sikujua, na sasa najua, na kwamba santuri ile nimeisikiliza tena na nimeona kuwa ni nzuri sana. Uso wake ulibadilika. "Umeisikiza, au umeusikiza mkono wangu?" Akaendelea, sasa haraka haraka, kama maneno yalikuwa yamerundikana nyuma ya mlango. Alisema yeye anaichukia Kisima. Aliwaambia watafute mpigaji mwingine, hata jina akawatajia, na Feisal akakataa, akasema hawezi kuketisha mtu kitini pake. "Wameniwekea nafasi," alisema. "Kila mtu aisikiapo ile nafasi anaona ni mapenzi. Mimi nasikia udongo waniangukia. Nimezikwa, Dama, nami ningali hapa nanywa chai." Feisal alikuwa amekuja kubisha hodi mara tano tangu santuri itoke, na mara zote tano Athumani alimwambia mama yake aseme amelala. Kwa nini anamkwepa, hakumwambia Feisal. Hakumwambia mtu yeyote, mpaka siku ile. Nami nikaapishwa nisimwambie mtu.

Niliporudi kazini nilifanya jambo la kijinga, nililifanya kwa moyo safi, na kwa hiyo likanichukua muda kulijua. Nilihamia benchi ya pili. Mteja akiuliza nilimsifia Kisima mpaka akastaajabu. Wanjala alinitazama kama mtu aliyebadilisha dini. "Juma lililopita ulikuwa nasi," alisema. "Nani amekugeuza?" Mwalimu Saida ndiye aliyenichoma zaidi, ingawa nilidhani atafurahi. Alinisikiliza nikiisifia, akafuta chaki vidoleni, akasema, "Dama, mimi naipenda santuri hii tangu siku ya kwanza, na sababu zangu ninazo. Zako ni zipi?" Nilikuwa nimeichukia kwa ajili ya masharubu ya mtu, na sasa naipenda kwa ajili ya vidole vya mwingine. Jioni ile nilikataa viazi vya Wanjala. Nilikaa kwenye benchi peke yangu kabla ya kufunga, nikaweka upande wa pili, na kwa mara ya kwanza nikausikiliza wote bila kumfikiria mtu. Niliinuka mara mbili. Sikuweza kutulia. Wimbo wa kwanza ulinichosha; wa pili pia. Wa tatu ulipokwisha nilirudisha sindano mwanzo wake, na sikujua kwa nini, na sijui mpaka leo. Wa nne ulirudi kunichosha.

Feisal alikuwa akija kila Alhamisi kuuliza watu wanasemaje. Hakuuliza imeuzwa vipi, aliuliza wanasemaje. Alikuwa amekonda, shati limemlegea mabegani. Alhamisi ile aliuliza swali jingine. "Athumani amefika hapa? Amesikiza?" Nilimwambia ndiyo. "Alisemaje?" Nilikuwa nimeapa. Nilitazama kama kuna mtu ananitazama. Hapakuwa na mtu, hata Bwana Kanti alikuwa amekwenda kula. Nikafikiri juu ya wale wawili, mmoja juu ghorofani na daftari lake, mwingine akibisha hodi, na kila mmoja anadhani anamhifadhi mwenzake. Nikavunja kiapo. Nilimwambia yote, mpaka lile neno la udongo. Feisal alivaa kofia yake, akaivua, akatoka. Nilifunga duka saa ya kazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada yake, nikamfuata.

Alipofika hakubisha hodi. Alimpita Bi Mwanaisha uani kama kimbunga, akapanda ngazi, na mimi nikabaki kwenye baraza ya nje, mikono imebana mapajani. Nilisikia kiti kikianguka. Nikasikia Athumani akipaza sauti: "Nani alikutuma unililie? Mimi nimekufa?" Na Feisal: "Ulitaka nimweke nani pale? Nani? Mtaje tena huyo mtu wako, mtaje!" "Yeyote! Ngoma haina jina la mtu!" "Yako ilikuwa nalo!" Majirani walitoa vichwa madirishani. Maneno yalipanda, yakashuka, yakapanda tena, hata nikaona nimevunja kitu ambacho hakitashikana tena. Nilikuwa nimesimama niende zangu wakati Bi Mwanaisha alipotoka na sinia la chai, vikombe vitatu. Alinitazama kwa macho yale. "Wewe ndiwe uliyemwambia?" Nikasema ni mimi. "Basi chukua hili, upande nalo juu. Miezi mitatu nyumba hii ilikuwa kimya kama kaburi. Nenda na wewe ukaseme lako, huko juu hakuna anayesikiza."

Yaliyofuata baada ya mwaka ule naweza kuyasema kwa maneno machache. Mkizi haikurekodi tena. Athumani alifanya kazi ya kupima na kuchora milango kwa mkono wa kushoto, akawa fundi anayetafutwa. Feisal alifungua duka la kutengeneza redio. Kwa miaka zaidi ya arobaini, kila Ijumaa baada ya swala, walikutana wakabishana juu ya Kisima, kwa ukali, mbele ya wake zao, mbele ya wajukuu, na hakuna siku mmoja alipomkubalia mwenzake. Wanjala alihamishwa bara, akaoa huko. Nami niliolewa hapa, nikafanya kazi nyingine, na katika kazi hiyo nilijulikana kwa kusema ninachokiona, hata pale ambapo ingenifaa kunyamaza. Watu wamenisifu kwa hilo na wengine wamenichukia. Hawajui kwamba nilianza nikiwa na sinia la chai mikononi.

Basi siku ile nilipanda ngazi na sinia, nikaingia. Feisal alikuwa dirishani, Athumani kasimama upande wa pili wa meza, wote wawili wanahema. Wakanigeukia. Feisal alisema, "Haya, mwambie. Wewe wauza santuri kutwa kucha, watu wasemaje?" Na Athumani akasema, "Mwambie lile la nyumba na taa." Niliweka sinia chini kwanza. Nikasema, "Wimbo wa tatu ni mzuri kuliko kitu chochote mlichowahi kupiga. Ule mmoja tu. Mingine mitatu inachosha, na ingetaka drams." Kisha wakanivamia wote wawili kwa pamoja. Feisal alisema sijui kitu, nyimbo zote nne ni wimbo mmoja, hauwezi kukatwa kama muhogo. Athumani alisema sijui kitu, ule wa tatu ndio unaotaka drams kuliko yote, mtu yeyote mwenye masikio angejua. "Sikiza," aliniambia, "sikiza nikuoneshe." Akauweka mkono wa kushoto juu ya meza ya mvule, akaanza kupiga.

Alipiga kwa kiganja na kwa vidole, na ubao wa mvule ulitoa sauti nzito ambayo sijaisikia katika santuri yoyote. Feisal aliacha kusema. Athumani alikuwa anauvumisha wimbo puani, macho yamefumba, bega lake la kulia linakwenda pamoja na la kushoto. Akafika pale. Mkono wa kushoto ulipiga pigo lake, na pigo linalofuata lilikuwa la mkono wa kulia. Bega liliinuka, mkono ukanyanyuka na kikoi chake, ukasimama hewani. Alingoja, nasi tukangoja. Ilikuwa nafasi ile ile, urefu ule ule, ya kwenye santuri. Kisha mkono wa kushoto ukaendelea.

Alipomaliza hakufumbua macho. Feisal alikuwa amegeuza uso dirishani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Athumani alivuta pumzi, akalaza mkono juu ya meza.

"Nyamaza hivyo hivyo," alimwambia Feisal. "Hujanishinda."